Nani Kaligusa Faili?

Faili halibadilishi ruhusa zake lenyewe. Katika mfumo wowote wa jamii ya Unix, iwe Linux, FreeBSD au macOS, ruhusa zimeandikwa ndani ya rekodi ambayo kerneli ndiyo inayoishika, na kerneli haiandiki humo mpaka programu fulani iiombe. Tena haimkubalii kila muombaji. Anayesikilizwa ni mwenye faili, au root, au mchakato uliopewa sehemu ya uwezo wa root. Kwa hiyo mtu anaposema, "Jana lilikuwa linasomeka, leo halisomeki, na hakuna aliyeligusa," kipande cha mwisho cha maneno yake ndicho cha kutilia shaka. Yupo aliyeligusa. Huenda ni programu, si mtu. Huenda amri iliandikwa na mfanyakazi aliyekwisha kuhama idara. Lakini yupo, na kwa kawaida ameacha alama.

Shida ni kwamba alama hizo hufutika kirahisi, na mara nyingi anayezifuta ni yule yule aliyekuja kusaidia. Anaona ujumbe wa "Permission denied", anaandika chmod 777, mambo yanakwenda, anaendelea na shughuli zake. Hapo amefanya makosa mawili kwa mpigo. Amempa kila mtumiaji na kila programu ndani ya mashine haki ya kuliandika upya faili hilo, pamoja na programu ya tovuti ambayo mhalifu wa mbali anaweza kuiteka. Na ameifuta saa ya tukio, kwa sababu chmod yake nayo ni badiliko la ruhusa, na rekodi hutunza saa ya badiliko la mwisho tu. Tatizo likirudi kesho, ushahidi wa jana haupo. Ndiyo maana naisisitiza kanuni hii kuliko nyingine yoyote katika sura hii: kabla ya chmod, stat.

Amri ya stat hutoa kwa ukamilifu yale ambayo ls -l huyatoa kwa mkato. Katika Linux, andika stat na jina la faili, nawe utaona modi kwa tarakimu na kwa herufi, mmiliki kwa namba na kwa jina, kundi vilevile, namba ya inodi, na saa nne zilizoandikwa Access, Modify, Change na Birth. Yanakili yote mahali pengine kabla ya kufanya lolote. Kama kuna faili jirani ambalo halijaharibika, chukua stat yake pia, kwani kulinganisha ndiko kutakakokuonyesha nini si cha kawaida.

Modi ni urithi wa zamani sana. Dennis Ritchie na Ken Thompson walipoieleza Unix katika jarida la Communications of the ACM mwezi Julai 1974, kila faili lilikuwa na biti saba za ulinzi: kusoma, kuandika na kutekeleza kwa mwenye faili, hayo matatu tena kwa watu wengine wote, na ya saba iliyoifanya programu iendeshwe kwa mamlaka ya mwenye programu badala ya aliyeiita. Hiyo ya saba, setuid, ilikuwa ubunifu wa Ritchie, na ilipewa hataza ya Marekani namba 4,135,240 mwaka 1979. Katika maelezo yao ya 1978 biti zilikuwa zimefika kumi, kwa kuwa kundi lilikuwa limepata sehemu yake. Leo ni kumi na mbili: tisa za mmiliki, kundi na wengine, pamoja na setuid, setgid na ile iitwayo sticky, ambayo katika saraka ya /tmp huzuia mtumiaji mmoja kufuta mafaili ya mwenzake. Huandikwa kwa hesabu ya msingi wa nane, kusoma ni 4, kuandika ni 2, kutekeleza ni 1, ndiyo maana 644 ina maana ya mmiliki kusoma na kuandika, kundi kusoma, wengine kusoma. Modi ya kawaida ya /tmp ni 1777, na ile 1 ya mbele ndiyo sticky.

Sasa zile saa. Modify ni wakati yaliyomo ndani ya faili yalipobadilika mara ya mwisho. Change ni wakati rekodi ya faili ilipobadilika: modi, mmiliki, kundi, idadi ya majina yake, na katika mifumo mingi ya mafaili hata kubadilishwa jina. Ukiandika ndani ya faili, saa zote mbili husogea. Ukipiga chmod, Change husogea peke yake. Kwa hiyo ukikuta Modify ni ya wiki iliyopita na Change ni ya leo 03:00, yaani saa tisa usiku, tayari unajua kwamba hakuna aliyehariri yaliyomo usiku huo, na unajua wa kuanza naye: kazi zilizopangwa kufanyika saa tisa usiku. Modify inaweza kudanganya, kwa kuwa mwenye faili anaweza kuipanga atakavyo kwa touch, na tar huirudisha ilivyokuwa inapofungua kifurushi. Change haipangiki hivyo. Hakuna wito wa kawaida wa kerneli unaokuruhusu kuiandika utakavyo. Njia iliyo rahisi ni kuisogeza saa ya mashine yenyewe, jambo ambalo huacha vurugu zake kila mahali. Katika ushahidi wote ulio ndani ya rekodi ya faili, huu ndio ninaouamini zaidi.

Lakini kuna swali linalotangulia hata hilo la saa, na wengi hulipita bila kuliona. Je, hili ni faili lile lile?

Katika Unix jina la faili halimo ndani ya faili. Saraka ni kama daftari la masjala: kila mstari una jina na namba ya jalada, na jalada lenyewe liko kabatini, likiwa limeandikwa juu yake nani analimiliki na nani anaruhusiwa kulisoma. Namba hiyo ndiyo inodi. Mtu akifuta namba iliyo mbele ya jina na kuandika nyingine, hajaligusa jalada la zamani hata kidogo, wala hakuhitaji ruhusa yoyote iliyoandikwa juu yake. Alichohitaji ni haki ya kuandika katika daftari. Ndiyo maana faili lenye modi 444, la root, linaweza kutoweka na mahali pake pakakaa jingine la mtumiaji wa kawaida, ilimradi saraka inamruhusu mtumiaji huyo kuandika na haina sticky. Ruhusa hazikubadilishwa. Faili ndilo lililobadilishwa.

Chukulia seva ndogo ya ofisi ambayo kila usiku hutengeneza ripoti ya mauzo na kuiweka mahali ambapo seva ya wavuti huionyesha kwa wafanyakazi. Asubuhi moja ukurasa unatoa kosa 403. Mtu wa IT anaingia, anakuta modi ni 600, anaiweka 644, ukurasa unafunguka. Kesho yake asubuhi ni 600 tena. Anaweka 644. Keshokutwa ni 600. Wengine wataanza kusema kuna virusi, wengine watamlaumu aliyeondoka kazini, na kuna atakayependekeza kazi ya cron inayopiga chmod kila baada ya dakika tano, ambayo ni kuongeza mguso mwingine juu ya ule ambao haujajulikana.

Stat inaimaliza kesi hii. Namba ya inodi leo si ile ya jana, na Birth, saa ya kuzaliwa kwa faili, ni ya jana usiku. Faili lililopigwa chmod 644 asubuhi ya jana halipo tena. Hili ni jipya, na lilizaliwa na 600. Swali sasa si nani amebadilisha ruhusa. Ni nani anayelizalisha, na kwa nini linazaliwa limefungwa. Ukiifungua skripti ya usiku utakuta inaanza kwa mktemp, inaandika ripoti ndani ya faili la muda, kisha inalihamisha kwa mv kwenye jina la kudumu. Mktemp hutengeneza faili lenye modi 600, na inafanya hivyo kwa sababu nzuri kabisa: faili la muda katika saraka inayoshirikiwa na watu wote lisisomwe na mtu mwingine. Mv nayo huhamisha faili pamoja na modi yake. Kila programu imetimiza wajibu wake, na ukurasa haufunguki. Dawa yake ni mstari mmoja wa chmod 644 ndani ya skripti, juu ya faili la muda, kabla ya mv. Usiuweke baada ya mv, maana hapo patakuwa na kitambo ambapo jina la kudumu linaelekea kwenye faili lisilosomeka, na msomaji mmoja mwenye bahati mbaya atafika wakati huo huo.

Tahadhari moja juu ya namba za inodi: hutumika tena. Ripoti ya Jumatano inaweza kupewa namba iliyoachwa na ya Jumatatu, hivyo namba kufanana si uthibitisho kwamba faili halikubadilishwa. Birth ina nguvu zaidi pale ambapo mfumo wa mafaili unaitunza, kama ext4, na toleo la stat si la kale.

Mtindo huu wa kuandika pembeni kisha kubadilisha jina kwa mpigo mmoja umeenea kuliko wengi wanavyodhani, na ni mtindo mwema, kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili la zamani linabaki zima. Vihariri vingi vya maandishi huufuata. Vim ina mpangilio uitwao backupcopy unaoamua kama itaandika juu ya faili lile lile au itatengeneza jipya. Sed -i ya GNU huufuata pia. Hunakili modi ya faili la awali na hujaribu kumrudisha mmiliki, lakini anayeiendesha asipokuwa root hawezi kumpa mtu mwingine faili, hivyo mmiliki anakuwa yeye. Kama jina lile lilikuwa kiungo tu kuelekea faili lililoko kwingine, sed -i isipoambiwa --follow-symlinks huacha faili kamili mahali pa kiungo, na lile la kwingine halipati marekebisho yoyote. Mtu hukaa saa nzima akishangaa kwa nini badiliko lake halionekani.

Kinyume chake pia hutokea, nacho kinahuzunisha zaidi kwa sababu huharibu nakala za akiba. Jalada moja linaweza kuwa na majina mawili au zaidi, na ruhusa ni za jalada, si za jina. Mifumo ya akiba inayotumia rsync na --link-dest huokoa nafasi kwa njia hiyo: faili ambalo halijabadilika tangu jana huwekewa jina jipya tu katika saraka ya leo. Ukipiga chmod -R katika saraka ya leo, umebadilisha ruhusa za mafaili hayo katika akiba za siku zilizopita pia, kwa wakati mmoja. Stat hukuonya mapema kwa neno Links. Likisoma zaidi ya 1 kwa faili la kawaida, jua kuna majina mengine, na find yenye -samefile itakuonyesha yalipo.

Kama faili ni jipya, modi yake imetoka wapi? Mara nyingi imetoka kwa umask. Programu inayotengeneza faili kwa kawaida huomba 666, na saraka 777, kisha kerneli huondoa biti zilizotajwa katika umask ya mchakato huo. Umask 022 huzaa 644 na 755. 002 huzaa 664 na 775. 077 huzaa 600 na 700. Jambo la kushika ni kwamba umask ni mali ya mchakato, si ya saraka wala ya mashine, na kila mchakato huirithi kutoka kwa mzazi wake. Skripti moja ikiendeshwa kwa mkono wako terminalini, kisha ikaendeshwa na cron, kisha ikaendeshwa na systemd, ina wazazi watatu tofauti na inaweza kuzaa modi tatu tofauti. Tena kama saraka ina orodha ya ruhusa za awali iliyowekwa kwa setfacl -d, umask haitazamwi kabisa ndani yake. Anayejaribu skripti kwa mkono na kusema "mbona kwangu inafanya kazi" hajathibitisha kitu juu ya ile ya usiku. Weka neno umask peke yake katika mstari wake mwanzoni mwa skripti, iandike thamani yake kwenye logi, usome kesho.

Kunakili nako kuna desturi zake. Cp ya kawaida, lengo likiwa halipo, huchukua modi ya chanzo na kuikata kwa umask. Lengo likiwa lipo tayari, huandika ndani yake na kuiacha modi yake kama ilivyo. Kwa hiyo amri ile ile, mara ya kwanza na mara ya pili, huleta matokeo mawili. Tar ikifungua kifurushi kwa mtumiaji wa kawaida hukata kwa umask, kwa root hairudishi pungufu ya kilichoandikwa. Git hutunza biti ya kutekeleza peke yake, 100644 au 100755, basi. Aliyetarajia 640 ya faili la nywila irudi baada ya git pull anatarajia kitu ambacho Git haikukihifadhi. Na fleshi iliyoumbizwa kwa FAT au exFAT haina mahali pa kuandikia ruhusa za Unix hata moja. Modi unayoiona juu yake imebuniwa na kerneli kufuatana na jinsi fleshi ilivyounganishwa, mara nyingi kila kitu kikiwa na ruhusa ya kutekelezwa. Pitisha kazi yako kwenye fleshi kutoka ofisi moja kwenda nyingine, na picha, barua na majedwali yote yanaweza kufika yakiwa yanatekelezeka.

Kuna wagusaji wa aina nyingine, ambao kazi yao halali ni kurudisha ruhusa kwenye hali iliyoandikwa mahali. Hawa huwachosha watu kwa sababu hushinda kila mara. Systemd-tmpfiles husoma kanuni zilizoko /usr/lib/tmpfiles.d na /etc/tmpfiles.d na kuzitekeleza mashine inapowashwa. Udev hupanga ruhusa za vifaa vilivyo ndani ya /dev kila kifaa kinapoonekana, hivyo chmod uliyoipiga juu ya kifaa cha serial haitavuka kuchomoa na kuchomeka. Logrotate, ikikuta neno create 0640 katika mpangilio wake, hutengeneza logi mpya yenye modi hiyo kila inapozungusha. Wote hawa hutambulika kwa saa: ikiwa Change inalingana na dakika mashine ilipowashwa, tazama tmpfiles na udev, ikiwa inalingana na kazi ya kila siku, tazama logrotate na cron, ikiwa inalingana na dakika uliposasisha vifurushi, fungua logi ya apt au dnf. Dawa si kushindana nao, ni kwenda kubadilisha kanuni wanayoisoma.

Mmoja wao anastahili aya yake, kwa kuwa kosa lake lina sura inayotambulika mara moja. Ansible husimamia mashine nyingi kwa mafaili ya YAML, na ndani yake modi inafaa iandikwe ndani ya alama za nukuu au kwa sifuri mbele. Mtu akiandika mode: 644 hivi hivi, YAML huiona kuwa mia sita arobaini na nne ya kawaida. Ibadilishe kwenda msingi wa nane, unapata 1204. Ls -l itaonyesha --w----r-T: mwenye faili anaandika lakini hasomi, kundi halina kitu, watu baki wanasoma, na juu yake kuna sticky. Hakuna binadamu angechagua modi hiyo. Ukiikuta, usihangaike na logi. Nenda moja kwa moja kwenye faili la YAML.

Wakati mwingine modi haina kosa lolote na bado mlango umefungwa. Kufikia /home/duka/public_html/index.html kunahitaji ruhusa ya kupita, ile x, katika kila saraka iliyo njiani. Ubuntu, kuanzia toleo 21.04, ilibadilisha saraka za nyumbani za watumiaji wapya kutoka 755 hadi 750. Faili la tovuti lina 644 kama zamani, lakini seva ya wavuti haifiki mlangoni. Amri ya namei -l, ukiipa njia nzima, huorodhesha modi na mmiliki wa kila hatua, na kosa huonekana kwa mtazamo mmoja. Nashangaa jinsi amri hii isivyojulikana, maana ingezuia nusu ya chmod 777 zote zinazopigwa.

Kitu kingine kilichofichika ni alama ya + mwishoni mwa herufi za ls -l. Ina maana kwamba faili lina ACL, orodha ya ziada ya watumiaji na makundi. Hapo zile herufi tatu za katikati haziwakilishi tena ruhusa za kundi. Zinawakilisha mask, yaani kikomo cha juu kwa kila aliyetajwa katika orodha pamoja na kundi lenyewe. Mtu akipiga chmod g-w kwa nia ya kulibana kundi, amewabana wote waliomo. Getfacl itaonyesha kila jina likiwa na haki zake za zamani, na pembeni yake neno effective likiwa na kilichobaki. Na nukta mahali pa + huashiria lebo ya SELinux, ambayo chmod haina habari nayo. Kukataliwa kwake hutafutwa katika logi ya ukaguzi.

Yaliyotangulia ni mafaili machache. Msiba mkubwa huja kwa herufi moja, -R, ikiwa mikononi mwa root. Mwezi Februari 2018 ulimwengu wa JavaScript ulipata somo hilo hadharani. Toleo 5.7.0 la npm, chombo cha kusakinisha maktaba za Node.js, lilikuwa na kasoro iliyofanya amri ya sudo npm, ikiendeshwa na mtumiaji asiye root, kubadilisha umiliki wa saraka za mfumo kama /etc, /usr na /boot na kumpa mtumiaji huyo. Lilikuwa toleo la majaribio, lakini amri za kawaida za kusasisha zilililetea watu ambao hawakuliomba. Hata kuomba maelezo ya msaada kwa sudo kulitosha kuanzisha uharibifu. Toleo 5.7.1 lilitolewa upesi, ila marekebisho ya programu hayarudishi umiliki wa mafaili yaliyokwisha kuguswa.

Kwa nini mashine haifanyi kazi sawasawa baada ya tukio kama hilo, hata ukirudisha umiliki? Kwa sababu ya kanuni ya kerneli ambayo wengi hukutana nayo siku hiyo kwa mara ya kwanza. Faili linalotekelezeka likibadilishiwa mmiliki, Linux huondoa setuid na setgid zake, na tangu kerneli 2.2.13 hufanya hivyo hata anayebadilisha akiwa root. Ni ulinzi wa busara: programu isiendelee kubeba mamlaka baada ya kupewa mtu mwingine. Lakini sudo, su na passwd huishi kwa setuid. Ukizirudisha kwa root kwa chown, modi inabaki 755 badala ya 4755, na sudo inakataa kazi, nayo ndiyo uliyoitegemea kurekebisha mengine. Utalazimika kuwasha mashine kwa njia ya uokoaji. Ruhusa zilizozidi nazo hufunga milango: saraka ya nyumbani ikipata haki ya kuandikwa na kundi, sshd yenye StrictModes hukataa ufunguo wa mwenye saraka, kwa hiyo chmod -R 777 juu ya /home inaweza kumfungia nje yule yule aliyeipiga.

Basi umesoma stat, umetazama inodi, umepita kwenye ratiba zote, na bado hujui. Hapo unaweka mtego. Mfumo wa ukaguzi wa Linux hufanya kazi hiyo:

auditctl -w /srv/ripoti -p wa -k ruhusa

Mstari huo unaiambia kerneli iandike kila tukio la kuandika au kubadilisha sifa chini ya saraka hiyo, na kuliwekea alama ya "ruhusa". Herufi w ni muhimu kama a, kwa sababu kubadilishana majina kwa rename huhesabiwa kuwa ni kuiandika saraka, nasi tumeona kwamba mara nyingi huko ndiko faili linakopotelea. Tukio likitokea, ausearch -k ruhusa -i hukuletea wito uliotumika, programu iliyouita, mzazi wake, na namba mbili za watu: uid na auid. Uid ni mamlaka iliyotumika wakati ule, ambayo kwa kawaida itasoma root na kukuacha ulipokuwa. Auid ni aliyeingia kwenye mashine mwanzoni, nayo haibadiliki hata akipitia sudo au su. Ikisoma jina la mtu, una wa kumuuliza. Ikisoma unset, ambayo bila -i huonekana kama 4294967295, hakuna aliyeingia. Ni huduma iliyoanzishwa na mfumo wenyewe, na sehemu ya kutazama ni jina la programu.

Nasisitiza hilo la auid kwa sababu ya watu, si kwa sababu ya mashine. Katika ofisi ambako wote wana nywila ya sudo, faili likiharibika lawama humwangukia mgeni au mdogo kuliko wote. Mstari mmoja wa ausearch unaweza kumwokoa mtu asiye na kosa, na nimeona ukifanya hivyo.

Inabaki kurudisha. Kwenye mashine zinazotumia rpm, rpm -Va hulinganisha kila faili la mfumo na kilichoandikwa katika kifurushi. Herufi M ni modi, U ni mmiliki, G ni kundi. Kisha rpm --setugids hurudisha umiliki na rpm --setperms hurudisha modi, kwa mpangilio huo huo, kwa sababu ukianza na modi, kubadilisha umiliki kutaziondoa tena setuid. Debian na Ubuntu hutegemea zaidi kusakinisha upya vifurushi, pamoja na dpkg-statoverride kwa faili ambalo unataka liwe tofauti na kifurushi kila linaposasishwa. Kwa data zako mwenyewe, ambazo hakuna kifurushi kinachozijua, chukua picha ya ruhusa mambo yangali mazuri:

getfacl -R /srv > ruhusa.txt

Siku ya msiba, root akiwa katika saraka ya /, kwa kuwa getfacl huiondoa / ya mbele katika njia inazoziandika, setfacl --restore=ruhusa.txt hurudisha modi, umiliki na ACL. Picha hiyo ni maandishi ya kawaida. Ichukue kila usiku na uilinganishe na ya jana kwa diff, na badiliko lolote litajitokeza kabla mtumiaji hajalalamika. Kama picha haikuchukuliwa na huna budi kutumia -R, tumia X kubwa: chmod -R u=rwX,go=rX huzipa saraka ruhusa ya kupita na kuyaacha mafaili ya kawaida bila ya kutekelezwa, isipokuwa yale yaliyokuwa nayo tangu awali.

Na mtego usiutegue siku ile ile unapodhani umempata. Uache mpaka kazi za ratiba zote zipite, za siku, za wiki na za mwezi. Iandike kanuni yake ndani ya /etc/audit/rules.d badala ya kuiacha kwenye auditctl tu, kwa kuwa iliyowekwa kwa mkono hupotea mashine inapozimwa, na dakika chache za kuwashwa kwa mashine ndizo ambazo wagusaji wengi hufanya kazi yao.